Kusoma Uchumi na Fedha Pamoja: Taaluma Mbili Katika Shahada Moja

1. Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mwanafunzi anayeingia katika kitivo cha sayansi za uchumi hukabiliwa na swali ambalo mara nyingi hulijibu kabla hajalielewa: achague uchumi, au achague fedha? Wazazi humshauri ashike fedha, kwa kuwa benki huajiri. Baadhi ya walimu humhimiza ashike uchumi, kwa kuwa ndio msingi. Ni wachache wanaomwambia kwamba taaluma hizo mbili zaweza kusomwa pamoja, na wachache zaidi wanaomweleza kwa nini zisomwe pamoja na kwa gharama gani.

Katika Kongo swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mpango wa masomo ulipobadilishwa. Chini ya mpango wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduati, kisha miaka miwili ya lisansi. Aghalabu alipata misingi ya taaluma zote mbili katika graduati, na uchaguzi wa njia moja uliweza kungoja. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilileta mpango mpya wa lisansi, masta na udaktari, ambao vyuo vikuu vilianza kuutekeleza kwa jumla katika mwaka wa masomo wa 2021-2022. Sasa lisansi ni ya miaka mitatu na krediti 180. Uchaguzi uliokuwa ukifanywa katika mwaka wa nne unafanywa mapema zaidi, na mwanafunzi asiyeweza kugharimia masta hutoka chuoni na kile tu alichokipata katika miaka hiyo mitatu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo manne: tofauti iliyopo baina ya taaluma ya uchumi na taaluma ya fedha, mahali zinapokutana, kwa mifano ya Kongo yenyewe, namna zinavyoweza kupangwa katika shahada moja ya kwanza, na matatizo ya istilahi yanayomkabili mwanafunzi anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili. Mwishoni yatapimwa mapingamizi yanayotolewa dhidi ya mpango huo.

2. Maswali mawili tofauti

Neno "uchumi" limetokana na kitenzi "kuchuma". Anayechuma huchukua kile ambacho mti umezaa, naye hana budi kuchagua: achume sasa au angoje, achume mti huu au ule, ale mwenyewe au auze. Swali la taaluma ya uchumi ni hilohilo likiulizwa kwa jamii nzima. Jamii hutumiaje vitu vichache ilivyo navyo ili kukidhi mahitaji mengi? Bei hutokea wapi? Kwa nini nchi moja hutajirika na nyingine ikafukarika? Kwa nini bei zote hupanda kwa pamoja?

Neno "fedha" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni madini yale meupe yaliyotumika kutengenezea sarafu. Taaluma ya fedha, hata hivyo, haichunguzi sarafu. Inachunguza ahadi. Mtu anayekopesha leo hununua ahadi ya kulipwa kesho. Mwenye hisa katika kampuni hununua ahadi ya kugawiwa faida, iwapo itapatikana. Swali la taaluma hiyo ni hili: ahadi ya malipo ya baadaye ina thamani gani leo, na nani abebe hatari ya kutotimizwa kwake?

Kwa muda mrefu maswali hayo mawili yalikaa katika nyumba mbili. Fedha ilifundishwa pamoja na biashara na uhasibu, kama ufundi wa kuendesha kampuni. Uchumi ulijihesabu kuwa sayansi ya jamii. Walikuwako waliovuka mpaka huo. Mmarekani Irving Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu nadharia ya riba, alionyesha kwamba riba ni mahali panapokutana mambo mawili: pupa ya watu ya kutumia sasa, na nafasi walizo nazo za kuzalisha zaidi baadaye. Jambo la kwanza na la pili ni ya uchumi. Matokeo yake, yaani kiwango cha riba, ndicho chombo cha kwanza cha mtu wa fedha.

Mpaka huo haukufutika upesi. Mwaka 1952 Harry Markowitz alichapisha makala yaliyoonyesha kwa hesabu namna mwenye mali anavyoweza kuitawanya ili apunguze hatari bila kupoteza mapato anayoyatarajia. Alipoitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, Milton Friedman alimwambia kwamba hesabu zake hazikuwa na kosa, ila kazi yenyewe haikuwa ya uchumi. Markowitz alipewa shahada yake hata hivyo, na mwaka 1990 yeye, Merton Miller na William Sharpe walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi zao katika taaluma ya fedha. Miller ndiye aliyeandika na Franco Modigliani, mwaka 1958, makala yaliyoonyesha kwamba katika soko lisilo na kodi, gharama za kufilisika wala upungufu wa habari, thamani ya kampuni haitegemei imekopa kiasi gani. Umuhimu wa hoja hiyo ni kuwa inamlazimisha msomaji kuuliza: katika soko halisi, ni kipi kati ya mambo hayo kinachofanya deni liwe na uzito? Jibu lake halipatikani katika vitabu vya hesabu za kampuni peke yake. Linatafutwa katika sheria, kodi na tabia ya watu, yaani katika uchumi.

Msukosuko wa mwaka 2008 ulionyesha hasara ya kutenganisha mambo hayo. Wachumi wengi walitumia mifano ya uchumi wa taifa ambamo benki hazikuwa na nafasi kubwa, kana kwamba fedha hupita kutoka kwa mweka akiba hadi kwa mwekezaji kama maji katika mfereji usiovuja. Watu wa fedha walipima hatari ya kila benki na kila hati peke yake, wakasahau kwamba wote wamesimama juu ya tawi moja, nalo ni bei ya nyumba za Marekani. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008. Katanga haikuwa na hati hizo, lakini ilipigwa. Tani moja ya shaba, iliyopita dola 8000 katikati ya mwaka huo, ilikuwa karibu na dola 3000 mwaka ulipokwisha, na wafanyakazi wengi wa migodi waliachishwa kazi. Mchimbaji wa Kolwezi alipoteza mshahara kwa sababu ya mikopo ya nyumba asizozijua. Kumweleza kilichomtokea kunahitaji taaluma zote mbili.

3. Mfano wa kwanza: likelemba

Si lazima mwanafunzi wa Kongo aanzie Chicago wala New York. Jambo linalokutanisha uchumi na fedha liko katika soko la mtaa wake. Likelemba ni chama cha watu wanaoaminiana, wanaotoa kiasi kilekile kwa kila kipindi, na mmoja wao kwa zamu akapokea fungu lote.

Tuchukue chama cha watu 10, kila mmoja akitoa faranga 20,000 kwa mwezi. Kila mwezi mtu mmoja hupokea faranga 200,000. Baada ya miezi 10 kila mwanachama ametoa 200,000 na kupokea 200,000. Kwa daftari la mhasibu, hesabu zimelingana na hakuna aliyepunjwa.

Mtu wa fedha ataona zaidi. Mwanachama wa kwanza amepokea mkopo usio na riba, naye ataulipa kwa miezi tisa. Wa mwisho amekuwa mkopeshaji asiyelipwa kitu kwa kungoja kwake. Kwa hiyo zamu yenyewe ina thamani, na kuigawa kwa kura au kwa ukubwa si jambo dogo.

Mchumi naye ataongeza swali jingine: katika miezi hiyo 10 bei zimekwenda wapi? Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 10 kila mwezi. Kiwango hicho ni kidogo kikilinganishwa na yale yaliyoonekana nchini katika miaka ya 1990. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 9000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 10 kwa mwezi, faranga 200,000 zinazopokewa katika mwezi wa 10 hununua kile ambacho faranga 85,000 hivi zingalinunua katika mwezi wa kwanza. Michango nayo imepungua uzito kadiri miezi ilivyokwenda: jumla ya michango ya kila mwanachama, ikipimwa kwa bei za mwezi wa kwanza, ni kama faranga 135,000. Basi wa kwanza alitoa 135,000 akapata 200,000, amefaidika 65,000. Wa mwisho alitoa 135,000 akapata 85,000, amepoteza 50,000. Ukipiga hesabu ya kila zamu, wale watano wa mwanzo wanapata na wale watano wa nyuma wanapoteza, ijapokuwa daftari linasema wote ni sawa.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli kwa mahindi yaliyokauka vizuri na kwa ng'ombe wenye afya. Katika Zaire ya miaka ile akiba ya noti ilioza. Mwezi wa Desemba 1992 serikali ilitoa noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa mishahara kwa noti hiyo walifanya ghasia mjini Kinshasa mwezi wa Januari 1993. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilitolewa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Watu wa Kasai waliikataa wakaendelea kutumia noti za zamani, ambazo serikali haikuweza tena kuongeza wingi wake. Hawakuwa wamesoma nadharia ya wingi wa fedha. Walikuwa wamehesabu akiba zao.

Mfano huu unatosha kuonyesha uhusiano wa taaluma hizi. Aliyesoma fedha bila uchumi atajua kuthamini zamu, lakini atachukua mfumuko wa bei kama namba inayotoka mbinguni. Aliyesoma uchumi bila fedha atajua kwa nini bei zinapanda, lakini hataweza kumwambia mwanamke aliye wa 10 katika likelemba yake amepoteza kiasi gani, wala chama kirekebishwe vipi: kihesabu kwa dola, kinunue bidhaa badala ya kugawa noti, au kiwaongezee wa nyuma kwa kadiri bei zinavyopanda.

4. Mfano wa pili: njia ya umeme ya Inga-Shaba

Mfano wa likelemba unahusu watu 10. Ule wa Inga-Shaba ulihusu taifa. Mwaka 1973 Zaire iliamua kujenga njia ya umeme yenye urefu wa kilometa 1700 hivi, kutoka maporomoko ya Inga karibu na mlango wa mto Kongo hadi Kolwezi, katika jimbo lililoitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Ujenzi uligharimiwa kwa mikopo ya nje. Ulikwisha mwaka 1982, baada ya kuchelewa kwa miaka kadhaa.

Wakati wa kukopa, bei ya shaba ilikuwa ikipanda. Ilifika kilele mwezi wa Aprili 1974, kisha ikaporomoka hadi chini ya nusu ya kilele hicho mwanzoni mwa 1975. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana. Mwezi wa Agosti 1975 reli ya Benguela, iliyokuwa ikisafirisha shaba ya Katanga hadi bahari ya Atlantiki, ilifungwa kwa sababu ya vita vya Angola. Mwaka huohuo Zaire ilishindwa kulipa madeni yake, na mwaka 1976 ilikutana na wakopeshaji wake katika Klabu ya Paris ili kupanga upya malipo. Tangu hapo mikutano ya namna hiyo ilirudiwa mara nyingi.

Mtu wa fedha akitazama mradi huu huuliza kwanza juu ya wakati. Dola 100 zitakazopatikana baada ya miaka 5, kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, ni sawa na dola 62 za leo. Kwa kiwango cha asilimia 15, ni dola 50 tu. Kuchelewa kwa kazi na kupanda kwa riba, kama kulikotokea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, kunaweza kuugeuza mradi wenye faida kuwa mzigo, hata kama kila nguzo imesimamishwa mahali pake. Mchumi huuliza juu ya njia iliyoachwa. Katanga ilikuwa na mabwawa yake ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, yaliyojengwa katika miaka ya 1950. Je, fedha zilezile zingalizalisha nini kama zingalitumika kwa namna nyingine, katika umeme wa karibu, katika barabara, katika kilimo?

Swali zito kuliko yote linahitaji wote wawili. Uwezo wa serikali wa kulipa deni ulitegemea shaba. Faida ya umeme huo ilitegemea migodi, yaani shaba. Mapato ya kigeni ya kununulia mafuta na vipuri yalitegemea shaba pia. Bei ya shaba ilipoanguka, kila kitu kilianguka kwa pamoja. Somo la Markowitz, kwamba hatari haipimwi kwa kitu kimoja kimoja bali kwa namna vitu vinavyopanda na kushuka pamoja, lilikuwa limechapishwa miaka 21 kabla ya uamuzi huo. Somo la wachumi kuhusu nchi zinazotegemea bidhaa moja lilikuwa la zamani vilevile. Pengine uamuzi ungalifanywa hivyohivyo kwa sababu za kisiasa, kwani siasa ya wakati ule haikukosa sababu zake za kulitaka jimbo hilo litegemee umeme wa mbali. Hata hivyo, mtu anayekaa upande wa taifa katika meza ya mkataba akiwa hana hesabu hizo mbili hawezi hata kupinga.

5. Namna ya kupanga masomo

Shahada ya pamoja haiwi shahada kwa kukusanya nusu ya masomo ya huku na nusu ya masomo ya kule. Ina mpangilio wake, na mpangilio huo hufuata mantiki ya utegemezi: somo gani linahitaji somo gani litangulie.

Mwaka wa kwanza ni wa misingi inayotumiwa na pande zote mbili. Hapa yamo mikroekonomia, yaani uchunguzi wa maamuzi ya kaya, kampuni na masoko, makroekonomia, yaani uchunguzi wa uzalishaji, ajira na bei katika taifa zima, hesabu, takwimu, na uhasibu. Uhasibu mara nyingi hudharauliwa na wanafunzi wa uchumi na kukimbiliwa na wale wa fedha. Katika shahada ya pamoja hauna mbadala, kwa sababu asiyeweza kusoma mizania ya kampuni ya madini hawezi kujua ni wapi faida imefichwa kabla haijatozwa kodi.

Mwaka wa pili ni wa vyombo. Upande wa fedha, mwanafunzi hujifunza kuthamini malipo ya baadaye, kupima miradi, kuelewa hisa na hatifungani, na kuchagua baina ya kukopa na kutumia mtaji wa wenyewe. Upande wa uchumi, hujifunza uchumi wa benki na sarafu, fedha za serikali, biashara ya kimataifa, pamoja na ekonometria ambayo humwezesha kupima dhana kwa takwimu. Mwalimu mwenye busara hupanga masomo hayo yasemezane: wiki ambayo somo la fedha linafundisha kiwango cha riba katika kuthamini mradi, somo la uchumi lifundishe ni nani anayekiweka kiwango hicho na kwa nini kinabadilika.

Mwaka wa tatu ni wa mahali taaluma zinapokutana: usimamizi wa hatari, udhibiti wa benki, madeni ya taifa, ugharimiaji wa migodi na wa kilimo. Katika mwaka huo semina moja yenye mifano halisi hufaa kuliko mihadhara mitatu. Mfano unaofaa ni ule wa makampuni yaliyokusanya fedha za watu mjini Kinshasa mwaka 1991, maarufu zaidi likiwa Bindo Promotion, yakiahidi kuzirudisha zikiwa zimeongezeka mara kadhaa kwa muda mfupi, kisha yakaanguka. Mwanafunzi apewe hesabu rahisi: kampuni inaahidi kurudisha mara mbili baada ya mwezi, haina biashara yoyote, inawalipa wa zamani kwa fedha za wapya. Ikianza na watu 100, mwezi wa pili inahitaji 200, mwezi wa 11 inahitaji 102,400, na mwezi wa 16 inahitaji 3,276,800. Hesabu hiyo ni ya fedha. Kisha aulizwe kwa nini watu wenye akili timamu walijiunga. Hapo atalazimika kuzungumzia benki ambazo hazikutoa fedha za wateja, mishahara iliyokuwa ikiyeyuka, na habari ambazo wachache walikuwa nazo na wengi hawakuwa nazo. Hayo ni ya uchumi.

6. Tatizo la istilahi

Masomo haya hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mhitimu wake atafanya kazi na watu wanaohesabu kwa Kiswahili. Hapo hukutana na ugumu wa namna mbili.

Ugumu wa kwanza ni neno moja kubeba dhana mbili. Neno "fedha" lenyewe hutaja sarafu inayotoka Benki Kuu na vilevile taaluma ya kuthamini ahadi. Msomaji anayeona kichwa cha habari "uchumi wa fedha" hawezi kujua kama atasoma juu ya mfumuko wa bei au juu ya hisa. Ni heri "fedha" ibaki kwa sarafu na malipo, na taaluma iitwe wazi "taaluma ya fedha". Katika Kiswahili cha Lubumbashi maneno ni mengi zaidi: feza, falanga, makuta. Likuta ilikuwa sehemu ya mia ya zaire iliyoanzishwa mwaka 1967; zaire imekwisha, makuta imebaki midomoni kwa maana ya fedha yoyote.

Ugumu wa pili unatoka katika taaluma zenyewe, ambazo hulitumia neno moja kwa maana zisizolingana. Mchumi akisema "kuwekeza" anafikiria kujenga kiwanda au kununua mashine; mtu wa fedha anafikiria kununua hisa ambazo mwingine anaziuza, jambo ambalo haliongezi mashine hata moja. Kadhalika, neno la Kifaransa linalotaja "mtaji" humaanisha mashine na majengo kwa mmoja, na fungu la fedha kwa mwingine. Hapa Kiswahili kina utajiri wa kutumiwa: "mtaji" ni fungu la kuanzia biashara, na "rasilimali", neno ambalo katika Kiarabu maana yake ni kichwa cha mali, laweza kutengwa kwa vitu vinavyozalisha. Hali ni hiyohiyo kwa "hatari" na "shaka". Frank Knight, katika kitabu chake cha mwaka 1921, alitofautisha jambo ambalo uwezekano wake hupimika na lile lisilopimika. La kwanza laweza kuitwa hatari, la pili shaka. Moto wa duka ni hatari, na kampuni ya bima huweza kuupima; kufungwa kwa reli ya Benguela kulikuwa shaka.

Neno "riba" nalo lina historia yake. Katika masikio ya Waislamu wengi linabeba katazo la dini, na katika masikio ya wengi wengine linakumbusha mkopeshaji wa mtaani. Mkopo wa asilimia 30 kwa mwezi, usipolipwa na riba ikaongezwa juu ya deni, humgeuza mdaiwa wa dola 100 kuwa mdaiwa wa dola 2330 baada ya mwaka. Anayesema "riba" kijijini hana budi kujua kwamba msikilizaji wake anaweza kuwa anasikia namba hiyo.

7. Mapingamizi

Pingamizi la kwanza linatolewa kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Lina ukweli. Krediti 180 hazitoshi kumfanya mtu awe mchumi kamili na mtaalamu kamili wa fedha. Anayechukua shahada ya pamoja hupoteza kitu: historia ya fikra za kiuchumi, uchumi wa kazi, au sehemu ya hesabu za juu ambazo masta ya uchumi huzidai. Kwa anayekusudia kuwa mtafiti wa uchumi, au mhasibu wa kiapo, njia moja iliyonyooka ni bora. Shahada ya pamoja inamfaa zaidi yule atakayefanya kazi mahali maamuzi yanapohitaji macho mawili: hazina ya jimbo, Benki Kuu, benki ya mikopo midogo, ofisi ya mikataba ya madini, shirika la akiba na mikopo.

Pingamizi la pili ni la vitendo: walimu ni wachache, vitabu ni haba, na takwimu za kufanyia mazoezi ni ngumu kupata. Ni kweli pia. Hata hivyo mifano iliyotolewa katika makala haya haikuhitaji zaidi ya karatasi, kalamu na jedwali la bei. Vitabu vingi vya fedha huanzia katika soko la hisa. Mwanafunzi wa Lubumbashi hukutana kwanza na likelemba na mbadilisha fedha wa barabarani. Kuanzia hapo si kushusha kiwango cha masomo, maana kanuni ni zilezile.

Pingamizi la tatu husema kwamba taaluma ya fedha ni ya kuwatumikia matajiri, na uchumi ni wa kuitumikia jamii, hivyo kuzichanganya ni kuuza ya pili kwa ya kwanza. Historia ya Inga-Shaba yaonyesha kinyume. Wakopeshaji walikuja mezani na hesabu za fedha. Kama upande wa pili wa meza haukuwa nazo, gharama yake haikulipwa na matajiri. Ililipwa na shule zisizokarabatiwa na hospitali zisizo na dawa.

8. Hitimisho

Uchumi huonyesha mali inatoka wapi na inakwenda wapi. Fedha huonyesha thamani ya ahadi na uzito wa hatari. Mwenye moja tu huona nusu ya jambo na hulichukulia kuwa zima. Lisansi ya miaka mitatu haiwezi kufundisha yote, lakini yaweza kumpa mwanafunzi mazoea ya kuuliza maswali yote mawili kwa pamoja mbele ya mkataba, mkopo au bajeti. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vitivo vinavyopanga upya programu zao chini ya sheria ya 2014 vina nafasi ya kulizingatia hilo kabla mgawanyo wa njia haujawa desturi. Na idara za Kiswahili zina kazi yao pembeni mwa vitivo hivyo, ya kuandaa maneno ambayo kwayo mhitimu ataweza kumweleza mwanachama wa 10 wa likelemba faranga zake 50,000 zimekwenda wapi.